Shajara ya mradi: vichupa vya harufu na ramu ya Jamaika ya miaka 12

Januari, mwanzo

Mradi ni huu. Nina chupa ya Appleton Estate 12 Year Old Rare Casks, ramu ya Jamaika yenye kilevi asilimia 43, aliyoniletea shemeji yangu aliporudi kutoka Uingereza. Nitainywa kidogo kidogo, na kila harufu nitakayoikuta ndani yake nitaitafutia kitu halisi kinachonukia hivyo, kitu cha sokoni au cha jikoni hapa Dar es Salaam, nikitie kwenye kichupa chenye kifuniko. Nikishakipata kitu, natafuta sababu: harufu hiyo imetoka kwenye muwa, kwenye uchachuaji, kwenye mtambo wa kupikia ramu au kwenye pipa? Mwisho nataka niwe na kisanduku ambacho mtu akikifungua mbele ya glasi atanusa huku na huku na kuhakikisha mwenyewe.

Nimechoka na maelezo ya "laini, tamu, ina ladha ya mbao". Maneno hayo yanaienea chupa yoyote ile, na anayeyasoma hapati cha kumsaidia. Ramu iliyokomaa vizuri ina mengi mno ndani yake, haistahili kumalizwa kwa maneno matatu.

Nimeanza na Appleton kwa sababu habari zake ziko wazi. Shamba liko bonde la Nassau, jimbo la St. Elizabeth, upande wa kusini-magharibi wa Jamaika, na kumbukumbu za kupika ramu mahali hapo zinaanzia 1749. Namba 12 iliyo kwenye lebo ni umri wa ramu changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Zipo zilizozeeka zaidi, lakini hakuna hata tone lililokaa kwenye pipa chini ya miaka 12, na miaka yote hiyo imepita kwenye joto la Jamaika. Si kila ramu inahesabiwa hivyo. Kuna chupa zenye namba kubwa ya kuvutia, ukisoma maandishi madogo unakuta namba hiyo ni ya ramu ya zamani kuliko zote zilizomo, hata kama ni kidogo tu, au hakuna maelezo yoyote kuwa ni namba ya nini. Mtu anayetaka kujifunza umri unafanya nini kwenye ramu aanze na chupa ambayo umri wake ni wa kweli.

Januari, kuionja mara ya kwanza

Glasi ni ile ndogo ya wiski, tumbo pana, mdomo uliobana. Barafu hapana, soda hapana. Niliimimina kidogo, nikaiacha mezani kama robo saa, maana ukiinusa papo hapo kilevi ndicho kinachokupiga puani na pua inakufa ganzi. Glasi sikuizungusha. Wanywaji wa mvinyo wana mazoea ya kuzungusha, lakini kwa kinywaji chenye nguvu ya namna hii ukizungusha unainua kilevi kwanza, harufu zenyewe zinafunikwa. Pua inaanzia mbali, glasi ikiwa usawa wa kidevu, kisha inasogezwa. Midomo inaachwa wazi kidogo ili hewa ipite puani na kinywani kwa pamoja. Jambo dogo, lakini lina tofauti kubwa sana.

Cha kwanza kilichokuja ni ganda la chungwa. Si maji ya chungwa, ni ganda, na hasa lile lililokauka. Nyuma yake sukari guru iliyoanza kushika moto kwenye sufuria. Kisha vanila, kisha kitu cha nazi, kisha viungo ambavyo sikuweza kuvitenganisha siku hiyo. Kinywani ramu ni kavu kuliko pua ilivyoahidi. Hilo lilinishangaza: pua inanusa utamu, ulimi haukuti sukari. Inapita katikati ya ulimi ikiwa na uzito, halafu inaacha ukakasi kidogo pembeni, ukakasi wa chai iliyokolea, na baada ya kumeza kuna kahawa inayobaki muda mrefu.

Nikaongeza matone ya maji kwa mrija. Hapo ndipo tunda lilipotokea, ndizi iliyoiva hadi ganda limeanza madoa meusi. Bila maji sikuwa nimeiona. Nimeandika daftarini: maji ni sehemu ya kuonja, kila glasi inuswe kabla na baada.

Februari, Kariakoo

Siku nzima sokoni kutafuta vitu vya vichupa. Chungwa, ndizi, nazi na kahawa ni rahisi. Kwenye viungo ndipo nilipokaa sana.

Bibi mmoja muuza viungo, ambaye hanywi pombe na nilimweleza wazi shughuli yangu ni ya nini, alinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, unataka karafuu ya kupikia au ya kunusa?" Swali hilo ndilo nililokuwa nalihitaji. Alichukua punje moja ya karafuu, akaibana kwa ukucha kwenye kikonyo chake, ukatoka unyevu wa mafuta uking'aa juu ya ukucha. "Hii ina roho bado. Ikibanwa ikabaki kavu, imeshakamuliwa mafuta yake kabla haijafika kwako." Akabana nyingine kutoka gunia la pembeni, kavu kabisa, akairudisha bila kusema neno. Nilinunua karafuu ya gunia la kwanza, ya Pemba, pamoja na mdalasini, kungumanga na iliki.

Karafuu kwenye ramu si mapambo ya maneno ya waonjaji. Mafuta yanayoipa karafuu harufu yake kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo eujenoli, na eujenoli hiyohiyo imo kwenye mbao za mwaloni (oak), mti wa kutengenezea mapipa, hasa zikishapashwa moto. Pipa la mwaloni linapochomwa ndani, joto linavunjavunja mbao na kuzitoa kemikali hizi karibu na uso, na ramu inayokaa humo miaka mingi inazinyonya. Kwa hiyo mtu wa Pemba na mtu wa St. Elizabeth wakinusa glasi hii wote wawili wana haki ya kusema karafuu.

Vanila nayo ni hivyohivyo. Vanilini inatokana na lignini, ile inayoshikamanisha nyuzi za mbao, ikivunjwa na moto. Nazi inatokana na laktoni, kemikali nyingine za mwaloni, na mwaloni wa Marekani unazo nyingi kuliko wa Ulaya. Mapipa ya Appleton ni ya mwaloni wa Marekani yaliyokwisha kuhifadhi wiski. Kupatikana kwake kuna sababu ya kisheria: sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski ya kwao, ikomazwe kwenye mapipa mapya yaliyochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja wenye bourbon hawalihitaji tena, na wapika ramu wa Karibi wanayanunua.

Kwa kichupa cha nazi nilijaribu kwanza nazi mbichi iliyokunwa. Haikufanana na kilichomo kwenye glasi. Kilichofanana ni nazi iliyokunwa ikakaangwa kavu hadi ikawa kahawia, harufu inayotoka jikoni mtu akipika kashata. Kichupa hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote hadi sasa.

Februari, pipa na joto

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Pipa linapumua. Kila mwaka sehemu ya kinywaji inapotea hewani kupitia mbao, na waungwana wa kazi hii wanaiita fungu la malaika. Uskoti, penye baridi, hesabu ya kawaida ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Appleton wanasema kwao ni kama asilimia 6. Ukisikia namba hizo mbili unaweza kudhani tofauti ni ndogo. Nimepiga hesabu kwa pipa la lita 200:

Uskoti, baada ya miaka 12, zinabaki kama lita 157.
Jamaika, baada ya miaka 12, zinabaki kama lita 95.
Jamaika, baada ya miaka 21, zinabaki kama lita 55.

Zaidi ya nusu ya pipa imekwenda kabla ramu ya miaka 12 haijatiwa kwenye chupa. Kinachobaki kimekolea. Na joto haliishii kwenye kukausha tu. Joto linaharakisha kila kinachotokea kati ya kinywaji na mbao: kunyonya vanilini na tanini (ile inayoleta ukakasi), asidi kukutana na kilevi na kuzaa esta mpya, yaani kemikali zenye harufu za matunda, hewa kuingia taratibu na kulainisha ukali. Kwa sababu hiyo ramu ya miaka 12 ya Jamaika haiwezi kulinganishwa na wiski ya miaka 12 kwa kuangalia namba peke yake. Wenye kazi Jamaika wanasema mwaka mmoja wa kwao ni sawa na miaka miwili hadi mitatu ya nchi za baridi. Sidhani kama kuna mizani moja ya kupima hilo kwa kila kitu, ila kwenye mbao na rangi naliona waziwazi kwenye glasi.

Kuna upande wa pili pia. Joto likizidi muda, mbao zinakishinda kinywaji, ukakasi unatawala, tunda linakufa. Ndiyo maana ramu ya Karibi yenye umri mkubwa sana si lazima iwe bora kuliko ya miaka 12. Nimewahi kupewa ramu ya zaidi ya miaka 20 ambayo harufu yake ilikuwa nzuri ajabu, lakini kinywani ilikuwa ubao mtupu. Kwangu mimi, kati ya miaka 10 na 15 kwenye joto la kule ndipo tunda na mbao vinaposhikana mikono.

Na chupa ikishazibwa, kukomaa kumekwisha. Kioo hakitoi kitu. Hapa kwetu, kwa joto la Februari, kazi ya mwenye chupa ni kuitunza tu: gizani, mbali na dirisha, ikiwa imesimama wima ili kilevi kisile kizibo.

Machi, hidromita

Nimeazima hidromita ya kilevi kutoka kwa rafiki anayefundisha kemia. Nilitaka kujua kwa nini Appleton ni kavu kinywani, na ramu nyingine niliyo nayo, yenye lebo ya umri mkubwa zaidi na bei kubwa zaidi, inateleza mdomoni kama sharubati. Hiyo ya pili sitaitaja jina.

Kanuni ni rahisi. Hidromita inapima uzito wa kimiminika. Kilevi ni chepesi kuliko maji, sukari inakifanya kimiminika kiwe kizito. Mtu akiongeza sukari kwenye ramu ya asilimia 40, hidromita inadanganyika na kuonyesha kilevi pungufu. Kwa ramu za nguvu hii, kila nyuzi moja inayopungua ni takriban gramu 4 za sukari kwa lita.

Sharti ni joto la kimiminika liwe nyuzi 20, maana chombo kimetengenezwa kwa joto hilo. Chumbani kwangu ni nyuzi 30, na tofauti hiyo ya nyuzi 10 ingeongeza usomaji kwa karibu nyuzi 4 za kilevi, yaani ingeficha sehemu kubwa ya sukari. Nilitia silinda kwenye karai la maji ya barafu, kipimajoto ndani, nikasubiri hadi zebaki itulie kwenye 20, nikaitoa, nikasoma haraka. Kusoma kwenyewe kunahitaji jicho liwe usawa mmoja na uso wa kimiminika, si juu wala chini.

Appleton, lebo 43: ilisoma 42 na ushei. Tofauti hiyo ndogo inaelezeka kwa vitu vilivyotoka kwenye mbao. Hakuna sukari ya kusemwa, na ndivyo inavyotakiwa, kwani kanuni za Jamaika haziruhusu ramu yao kutiwa sukari.

Ile nyingine, lebo 40: ilisoma 33. Nyuzi 7, yaani gramu 28 hivi kwa lita. Kwa chupa ya mililita 700 ni kama gramu 20, vijiko vitano vya chai vya sukari. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2019 imeweka kikomo cha gramu 20 kwa lita kwa kinywaji kinachoitwa ramu.

Simkatazi mtu kupenda ramu tamu. Ninachokipinga ni sukari kuuzwa kwa jina la umri. Pipa halitoi utamu wa sukari wa kiasi hicho hata likikaa miaka 30. Anayeonja ramu ya namna hiyo akaambiwa "huu ndio ulaini wa kukomaa" anafundishwa uongo, na siku akikutana na ramu kavu ya miaka 12 ataiona kali na kuidharau. Na aliyengoja miaka 12 huku nusu ya pipa ikipotea anashindana sokoni na mwenye gunia la sukari.

Machi, majaribio na shemeji

Vichupa nimevifunga karatasi ya fedha ili vilivyomo visionekane, vifuniko navyo havina maandishi. Shemeji amekuja na majirani wawili. Yeye ni mtu wa Konyagi na ndimu, na hakuficha.

"Shemeji, mimi hapa nasikia pombe tu."

"Sawa shemeji. Nusa hiki kwanza, usiseme ni nini." Nikampa kichupa cha ganda la chungwa. "Sasa rudi kwenye glasi."

Akarudi, akanyamaza. Akanusa tena kichupa, akarudi tena glasi. "Mbona limo?"

Limo, na lilikuwamo tangu mwanzo. Mradi wote umejengwa juu ya hilo. Pua yake haina kasoro yoyote; ilikosa kuelekezwa tu. Mtu akinusa kitu halisi kisha akanusa glasi, ubongo unakwenda moja kwa moja kwenye harufu iliyofanana na kuiokota kutoka kwenye rundo. Tulifanya hivyo kwa karafuu, kwa nazi ya kukaanga, kwa kahawa. Kungumanga ndiyo iliyowashinda wote, na mimi pia naipata kwa tabu, hasa dakika za mwisho glasi ikiwa karibu kwisha. Jirani mmoja, mwenyeji wa Tanga, alisema kuna harufu ya sanduku la nguo la bibi yake. Tulipomdadisi tukagundua anaongelea mbao kuukuu zilizonyonya manukato kwa miaka. Nimeandika, ila kichupa chake bado sijakipata.

Kuhusu ganda la chungwa, Joy Spence amekuwa akilitaja kama alama ya ramu za Appleton, na analihusisha na mitambo yao ya chungu ya shaba. Huyu mama inafaa ajulikane zaidi huku kwetu. Ni mkemia; alisomea shahada ya uzamili ya kemia ya uchambuzi Loughborough, Uingereza, akaingia J. Wray & Nephew, wenye Appleton, mwaka 1981 kama mkemia mkuu. Alijifunza kuchanganya ramu chini ya Owen Tulloch, na mwaka 1997 akashika nafasi yake, mwanamke wa kwanza kuwa mchanganyaji mkuu katika sekta nzima ya vinywaji vikali. Kazi hiyo inafanyika kwa pua. Mchanganyaji ana mamia ya mapipa, ya umri tofauti, mengine ya mtambo wa chungu, unaopika mkupuo mmoja mmoja na kutoa ramu yenye harufu nzito, mengine ya mtambo wa mnara, unaopika mfululizo na kutoa ramu nyepesi, na lazima chupa ya mwaka huu inukie kama ya mwaka jana ingawa hakuna pipa linalofanana na lingine.

Machi, harufu zinazotangulia pipa

Ndizi na nanasi hazitoki kwenye pipa. Hizi ni kazi ya uchachuaji. Hamira na bakteria vikila molasi, masalia ya kutengeneza sukari, vinatoa kilevi pamoja na asidi mbalimbali, asidi na kilevi vikiungana vinazaa esta, na esta ndizo zenye harufu za matunda. Mojawapo ndiyo inayoipa ndizi harufu yake, nyingine inanukia nanasi. Kadiri uchachuaji unavyokwenda polepole, na kadiri bakteria wanavyopewa nafasi, ndivyo esta zinavyozidi.

Ili kulielewa hili nimepata kiasi kidogo cha ramu ya Hampden ya miaka 8, asilimia 46, kutoka jimbo la Trelawny kaskazini mwa Jamaika. Shamba hilo ni la 1753. Wao wanachachua kwenye mapipa makubwa ya mbao yaliyo wazi, kwa hamira za hewani, muda mrefu, na wanaongeza "dunder", masalia yanayobaki ndani ya mtambo baada ya kupika, yaliyojaa asidi. Matokeo yanapimwa na kupewa alama za herufi. LROK ni gramu 200 hadi 400 za esta kwa kila hektolita (lita 100) ya kilevi halisi. DOK, ya juu kabisa, inafika 1,500 hadi 1,600, na kwa muda mrefu ilikuwa inauzwa nje kutiwa kwa kipimo kidogo mno kwenye ramu nyepesi na kwenye vyakula vitamu.

Nilipoifungua chumba kizima kilijua. Nanasi lililoiva kupita kiasi, gundi, chumvi ya zeituni, na chini kabisa achari ya embe. Achari ya embe ndiyo niliyoifurahia, maana ina vyote vinne: tunda, siki, chumvi, mafuta. Nikairudia Appleton baada ya hapo. Ilikuwa kama imevaa nguo za nyumbani, lakini sasa niliweza kuona kwamba nanasi limo nayo, dogo, limekaa nyuma ya chungwa. Hampden imenifundisha kuisoma Appleton. Nimetengeneza kichupa cha nanasi lililoachwa kuchacha siku chache, na kingine cha achari, cha pili kimefungwa peke yake kwenye mfuko maana kinaambukiza vingine.

Aprili, kuhusu 1749

Mwaka ulioandikwa kwenye lebo nimeuacha muda mrefu bila kuugusa, na sitaki shajara hii iupite.

Mwaka 1749 waliokata miwa bonde la Nassau, waliobeba, waliokesha kwenye moto wa sukari na kwenye mitambo ya ramu, walikuwa Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari. Ramu ilizaliwa humo. Molasi ilikuwa masalia ya sukari, na mikono iliyogundua namna ya kuichachua na kuisimamia mitambo ilikuwa ya watumwa kwa sehemu kubwa, bila majina yao kuandikwa popote. Bonde hilo liko karibu na milima ya Cockpit, na huko milimani, katika jimbo hilohilo la St. Elizabeth, uko mji wa Accompong, wa Wamaroon, waliotoroka utumwa wakapigana na Waingereza hadi wakalazimisha mkataba mwaka 1739. Utumwa Jamaika ulifutwa kisheria Agosti 1, 1834, lakini wengi walishikiliwa kwenye kazi za lazima hadi Agosti 1, 1838.

Karafuu iliyo kwenye kichupa changu nayo ina historia yake. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalipandwa na kuvunwa na watumwa, na amri ya kuufuta utumwa ilitoka Zanzibar mwaka 1897. Ninaponusa kichupa na glasi pamoja ninajua nanusa nini. Haiipunguzii ramu uzuri wake. Inanifanya nisiinywe kwa haraka. Na inanipa furaha ya kweli kwamba kwa miaka zaidi ya 20 sasa mwenye neno la mwisho juu ya ramu hiyo ni mwanamke Mjamaika.

Aprili, hali ya kisanduku

Vinavyodumu vizuri: karafuu, mdalasini, kungumanga, kahawa iliyookwa na kusagwa kidogo tu, sukari guru iliyounguzwa ikagandishwa. Vinavyohitaji kubadilishwa kila mara: ganda la chungwa (likikauka kabisa linapoteza harufu, likiwa bichi linaota ukungu, la siku mbili tatu ndilo sahihi), ndizi, nanasi. Nazi ya kukaanga inashika mafuta mabaya upesi kwa joto hili, kwa hiyo naikaanga kidogo kidogo. Tumbaku na ngozi nimeviondoa. Waonjaji wengi wanavitaja kwenye ramu kuukuu, lakini kwenye hii sivioni, na sitaki kuweka kichupa kwa sababu watu wamesema.

Glasi iliyonywewa usiku usiioshe. Asubuhi kilevi kimekwisha kuruka na kilichobaki ni utando wa vitu vizito, na hapo vanila, sukari ya kuungua na mbao zinasomeka bila kizuizi chochote. Kwa anayeanza, hiyo ni njia nyepesi kuliko glasi yenyewe iliyojaa.

Chupa imeshuka chini ya nusu, kwa hiyo nimeihamishia kwenye chupa ndogo mbili zilizojaa hadi shingoni. Hewa nyingi juu ya ramu kidogo inaipoozesha. Chungwa ndilo linaloondoka kwanza.

Mei, chupa inayofuata

Nilikuwa nimepanga Barbados, kisiwa chenye hati ya 1703 ya kiwanda cha ramu cha Mount Gay na kazi safi ya Richard Seale pale kiwanda cha Foursquare, anayechanganya ramu ya chungu na ya mnara na ambaye kwa miaka mingi amepaza sauti dhidi ya sukari. Chupa za Foursquare sijazipata huku kwa bei ya akili. Shemeji anasafiri tena Agosti, nimemwandikia orodha.

Wakati huohuo nimepata El Dorado ya miaka 15, ya Demerara, Guyana. Kijiografia Guyana iko bara la Amerika Kusini, lakini kwa historia, kwa lugha na kwa ramu ni ndugu wa visiwa. Kinachonivuta huko ni mitambo. Kiwandani Diamond, kando ya mto Demerara, wanapikia hadi leo kwenye mitambo ya mbao, ya mti mgumu wa kwao uitwao greenheart: mtambo wa mnara uliotoka shamba la Enmore, na vyungu vya mbao vilivyotoka Port Mourant na Versailles. Mashamba yalipofungwa moja baada ya jingine mitambo ilihamishwa, haikuvunjwa, kwa sababu ramu yake haiwezi kupatikana kwa shaba peke yake. Nataka kujua kama pua inaweza kutenganisha mbao za mtambo na mbao za pipa. Wanaoijua wanasema Port Mourant inanukia shamari na mbao za penseli iliyochongwa. Shamari bibi wa Kariakoo amekwisha kunipimia, na penseli nimechonga jana jioni.